Kila Mtu Alihesabu Kumi

Ruiru,
10 Januari 1994

Kwako mdogo wangu Yahya,

Assalaam aleikum. Hapa sisi ni wazima, na nikisema wazima namaanisha tunakula na tunagombana. Hayat wangu ameingia darasa la nane na amenipita kwa urefu, kwa hiyo siku hizi nikitaka kumkaripia namwambia kwanza aketi. Mvua ya Novemba ilinyesha Ngoliba siku nne ikaenda zake. Mahindi ya Baba yalikauka yakiwa ya goti, mbaazi ndizo zilizosimama. Mwenyewe hajambo, ila sauti imekwaruza kidogo. Anasema ni vumbi.

Sasa nina shida, na katika watu wote ninaowajua ni wewe peke yako ambaye shida yangu ndiyo masomo yako.

Unajua niliacha kazi ya kupiga chapa. Tangu mwaka jana nakaa kwenye redio ya zahanati zetu. Vituo ni kumi na kimoja, kuanzia Mwiki na Mugutha hapa karibu hadi Ngoliba kule chini, na vyote vinatumia chaneli moja. Kila asubuhi, kati ya saa mbili na saa tatu, kila nesi anataka kutoa ripoti yake: wagonjwa wangapi, dawa gani imekwisha, nani atumiwe gari. Mimi huku juu nawasikia wote. Wao kwa wao hawasikiani, ardhi imewaficha, kwa hiyo hakuna anayejua kama mwenzake ameshaanza kusema. Wawili wakibonyeza pamoja, mimi nasikia mlio wa mafuta yanayokaanga, basi.

Nilijaribu kumpa kila mtu dakika yake. Haikumaliza wiki. Saa ya ukutani ya Ngoliba iko nyuma dakika kumi na mbili, ya Mugutha ilisimama tangu Krismasi, na mama mwenye uchungu hawezi kuambiwa angoje zamu.

Basi tunafuata alivyotufunza Mzee Kisilu, yule mstaafu aliyekuwa mtu wa redio katika polisi. Mkigongana, kila mtu aachie kitufe, ahesabu polepole hadi kumi, kisha ajaribu tena. Anasema hiyo ndiyo adabu ya redio. Tuna adabu sana, Yahya, na bado hatupatani.

Mkuu wetu, Bwana Mugo, amechoka. Juzi alisimama mlangoni akaniambia, "Fatu, hii Ngoliba tutaitoa. Iko mbali na inasumbua hao wengine." Ikitolewa, wagonjwa wa kule watarudi kutuma mtu kwa baiskeli. Nami nitapoteza Ijumaa yangu. Kila Ijumaa saa nne asubuhi Baba hutembea hadi zahanati, nesi Ngina humwachia maiki, nasi huongea dakika moja. Kwenda kule mimi hupata nafasi mara mbili kwa mwaka. Hiyo dakika moja ndiyo Baba niliyebaki naye.

Kwa hiyo niambie: watu wangapi wanaweza kutumia chaneli moja bila mtu wa kuwapangia saa? Miaka sita uko huko unasoma hilo hilo. Toa jibu.

Dada yako,
Fatu


Göteborg, Uswidi,
2 Februari 1994

Dada Fatu,

Waaleikum salaam. Barua yako ilikaa njiani siku kumi na tisa. Mara ya kwanza niliisoma jikoni nikiwa bado nimevaa koti na theluji ikidondoka kwenye karatasi, ndiyo maana nakuandikia mapema kabla wino wako haujafutika wote. Mimi ni mzima. Huku jua linatoka saa mbili, na saa kumi na nusu limeshaondoka. Mwambie Hayat aendelee kukua. Baba msalimie, ikiwa atapenda kusalimiwa.

Ugonjwa wenu nimeuona, nao ni huko kuhesabu kumi. Wawili wakigongana, wote wananyamaza, wote wanahesabu kumi, na wote wanarudi kwa wakati mmoja. Wanagongana tena. Wananyamaza tena. Watu wenye adabu sawasawa wanaweza kuendelea hivyo hadi magharibi bila neno moja kufika.

Fanya hivi. Kila kituo kiwe na mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo wenye vizibo ishirini vya soda, vilivyoandikwa moja hadi ishirini. Nesi asiposikia "nimekupata" kutoka kwako, ajue amegongana na mtu. Achote kizibo bila kutazama. Akipata tatu, ahesabu thelathini mara tatu ndipo arudi. Mwenzake atakuwa amechota namba nyingine, na hawatakutana. Bahati itawapangia zamu bila mtu kujua zamu ya mwenzake.

Kuhusu watu wangapi: hesabu ipo na haibembelezeki. Kwa watu ambao saa zao hazikubaliani, katika kila dakika sitini za chaneli, ni kama dakika kumi na moja tu zitakazofika nzima, hata mfanye nini. Nyingine zitapotea katika kugongana na kusubiri. Sababu ni kwamba ripoti ya dakika moja ina hatari ya dakika mbili. Aliyeanza kabla yako kidogo anakuharibia mwanzo, na atakayeanza ukiwa katikati anakuharibia mwisho. Mngekuwa na saa zinazokubaliana, mngepitisha mara mbili ya hapo.

Nanyi ni vituo kumi na kimoja, dakika moja kila kimoja. Mko ukingoni kabisa. Lakini si lazima mtu atolewe. Fupisheni maneno. Ripoti ikiwa nusu dakika, chaneli hiyo hiyo itabeba vituo ishirini na viwili. Waambie waache salamu ndefu.

Ngoliba isitolewe, Dada. Huwa naiandika pembeni mwa karatasi zangu za kazi bila kujua, kisha naifuta kabla hawajaiona wenzangu. Natamani hata lile vumbi.

Mdogo wako,
Yahya


Ruiru,
Idd el Fitr, Machi 1994

Yahya wangu,

Idd Mubarak. Pilau imeshika chini, lakini wageni wamekula na kusifu, Mungu awalipe. Hayat amevaa gauni langu la zamani na limemkaa vizuri kuliko lilivyowahi kunikaa mimi, sijui nifurahi au nilie.

Mikebe imefanya kazi! Siku tatu za kwanza walinicheka. Nesi wa Mwiki aliuliza kama sasa dispensari imekuwa mahali pa kamari. Wiki ya pili ripoti zote kumi na moja zilikuwa zimeingia kabla ya saa tatu. Bwana Mugo alisimama tena mlangoni, akasikiliza, akakuna kidevu. "Sawa, wacha Ngoliba ikae." Kwake hayo ni makofi na vigelegele.

Ila kuacha salamu kumenishinda. Hapa huwezi kumwambia mtu dawa imekwisha kabla hujamuuliza ameamkaje. Tumekubaliana kila mmoja aseme "Salama?" na mimi "Salama," basi tunaingia kazini. Wazee wanaona tumekuwa wakali.

Baba anaupenda mkebe wa Ngoliba. Anachota kizibo kila Ijumaa hata kama hakugongana na mtu, kisha ananisomea namba yake na kunipisha kwa "ova" kama askari. Mkwaruzo haujaisha. Siku hizi namwomba arudie maneno, na Ngina husema ni redio.

Sasa nikuulize kitu kimoja, na unijibu hicho kwanza kabla ya vingine vyote. Utakuja lini? Sijatumwa na mtu. Nauliza mimi, Fatu, niliyekubeba mgongoni kutoka Majengo ya Thika hadi kliniki ulipopata surua. Nina hamu nawe mpaka inaniudhi. Nitajie mwezi.

Fatu


Göteborg,
Idd el Fitr, Machi 1994

Dada Fatu,

Idd Mubarak. Tumeswali katika ukumbi wa michezo ya watoto, mistari ya swala ikikatana na mistari ya mpira. Baadaye Msomali mmoja alitugawia tende. Nilipotoka nje nilisimama kwenye baridi nikawaza pilau yako, hata ile ya chini inayoshika kila mwaka. Wasalimie wote.

Nataka kukuuliza jambo nililolibeba muda mrefu. Mkebe ndio ulionirudishia.

Siku niliyoondoka Ngoliba, wewe ulikuwa umeshaingia kwenye gari na begi langu. Baba na mimi tulibaki langoni. Sote wawili tulifungua midomo kwa wakati mmoja. Nikanyamaza, naye akanyamaza. Nikasema, "Sema wewe, Baba." Akasema, "La, sema wewe." Tukangoja. Tukaanza tena, tukagongana tena. Dereva akapiga honi, nikapanda gari. Tangu hapo amekuwa akinitumia salamu kupitia kwako, nami namrudishia kupitia kwako, na hakuna aliyewahi kusema alichotaka kusema pale.

Je, amewahi kukuambia kilikuwa nini? Nijibu hilo kabla ya mengine yote. Sitaandika tena mpaka nijue.

Yahya


Ruiru,
18 Julai 1994

Yahya,

Assalaam aleikum. Hayat ni mzima, mbaazi zilivunwa, na leo sina salamu zaidi ya hizo.

Miezi minne hujaniandikia, na mimi sijakuandikia. Nilikuuliza utakuja lini, ikafika barua yako ya habari za langoni. Nikasema, huyu amelikwepa swali langu akaniletea lake. Nikakasirika. Nikasema sitafungua mdomo mpaka anitajie mwezi. Jana nimefungua mtoto wa meza kutafuta cheti cha Hayat, nikaziona barua zako, nikatazama tarehe kwa mara ya kwanza. Uliandika siku ya Idd. Mimi pia. Hukuwa unanijibu, wala yangu haikuwa inakujibu. Zilipishana angani, kisha kila mmoja wetu akakaa kwa adabu anangoja mwenzake aanze. Fatu wa redio, mwenye mikebe kumi na mmoja, nami nilikuwa nahesabu kumi! Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika.

Maana tumepoteza miezi ambayo hatuna. Si vumbi, Yahya. Baba ana uvimbe kooni. Ngina alijua tangu Februari, mimi nilijua Aprili. Madaktari wa Nairobi wamempa kitanda: atapasuliwa Jumatatu, tarehe 12 Septemba. Wanasema atapona, inshallah, lakini wataondoa mahali sauti inapotoka. Ataishi, hatasema tena.

Alinikataza kukwambia. Maneno yake ni haya: "Usimwandikie. Atakuja kwa huruma, na mimi huruma sitaki." Leo namvunjia amri. Mimi ni mtoto wake wa kwanza na ninachagua ni amri ipi nitaitii.

Na swali lako nimelifanyia kazi. Ijumaa iliyopita nilimuuliza kwenye redio, mbele ya Ngina, pale langoni alitaka kukwambia nini. Alishika kitufe, nikawa nasikia tu pumzi yake inavyokwaruza. Kisha akasema, "Kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka. Ova."

Nilipiga kelele. "Hiyo tu, Baba? Miaka sita, kamba ya kiatu? Ova!"

Akabonyeza tena. "Nilitaka kumwambia asiende. Nikaona nitamharibia safari. Nikatafuta neno lingine la kusema, nikaona kamba. Ova."

Nimeyaandika katika daftari la redio kama sheria inavyotaka, saa na dakika, na Bwana Mugo ameyasoma akalifunga. Baada ya tarehe hiyo Ijumaa zangu zitakuwa kimya. Zilizobaki ni nane. Mimi nimeacha kuhesabu, nimekwambia kwanza. Sasa fanya unavyoona.

Fatu


Göteborg,
8 Agosti 1994

Dada Fatu,

Waaleikum salaam. Nimekuandikia barua tatu nikazichana, hii ni ya nne. Nilifikiri kupiga simu ofisini kwenu, lakini simu yenyewe ina kufuli na Bwana Mugo ndiye mwenye ufunguo, na niliyo nayo si ya kusemwa mtu akisimama hapo.

Kamba ile nilijikwaa nayo kwenye ngazi za ndege. Mhudumu alinishika mkono. Nilikuwa nalia, akadhani nimeumia mguu.

Nami sijakwambia ukweli. Masomo niliyamaliza mwaka wa tisini na mbili. Tangu hapo nimeajiriwa na karakana moja hapa kutengeneza redio za malori, kazi nzuri, hainizuii kurudi. Niliendelea kukuandikia kwamba nasoma ili mtu asiniulize kwa nini sirudi. Ningejibu nini? Kwamba nangoja baba yangu aniite? Mtu wa miaka thelathini na mbili? Naye, kumbe, alikuwa akingoja nije bila kuitwa. Nimeandika kurasa mia mbili kuhusu watu wanaonyamaziana kwenye chaneli, nikashindwa kuona wawili hao.

Wewe hukuuliza mimi nilitaka kusema nini pale langoni. Nitakwambia. Nilitaka kusema, "Baba, ukiniambia nibaki, nitabaki." Kwa hiyo tulikuwa na neno moja, kila mmoja ameshika upande wake. Nimelifikiria hilo mpaka usingizi umenikimbia.

Tiketi ninayo. Nitafika Nairobi Alhamisi, tarehe 8 Septemba, jioni. Nisamehe, sitapitia Ruiru. Ijumaa asubuhi nitakwenda moja kwa moja Ngoliba, kwenye zahanati, saa nne. Tafadhali usimwambie. Akijua nakuja atajiandaa, nami nitajiandaa, na tutaanza tena mambo ya sema wewe, la, sema wewe.

Niombee nisinyamaze.

Yahya


Ruiru,
Ijumaa, 9 Septemba 1994

Yahya,

Barua hii inaletwa na Gathogo wa gari la dawa. Nimekuandikia kwa sababu nilipopata nafasi ya kuingia kwenye redio, Ngina aliniambia mmeshaondoka mmeshikana mikono kwenda nyumbani, na mkebe mmeubeba. Urudisheni. Ni mali ya dispensari.

Acha nikueleze ilivyokuwa huku, maana hukuiona.

Saa nne kamili Baba alinipigia. "Salama? Ova." Nikamjibu salama, nikamuuliza amechota ngapi. Sauti yake ilikuwa chini kabisa, nilikuwa nimebana sikio kwenye spika. Akasema, "Nimechota kumi na..." na hapo nikasikia mlango, kisha kiti kikaanguka. Namba hakuimaliza. Kidole chake kikabaki kwenye kitufe.

Unajua kosa hilo kwetu ni kubwa kuliko yote. Mtu mmoja akisahau kidole, chaneli nzima imefungwa. Nimewahi kumliza nesi wa Mwiki kwa hilo. Ninyi hamngenisikia hata ningepiga mayowe, kwa sababu anayebonyeza hasikii. Wala sikutaka mnisikie.

Lakini Mugutha hawawezi kuwasikia ninyi, wakaanza kuita. Ikaanza ile kaanga-kaanga juu ya sauti zenu. Nikabonyeza nikasema, "Vituo vyote, nyamazeni mpaka niwaambie." Wakanyamaza wote. Sekunde tano hizo nilizosema mimi, sikuwasikia ninyi, na sijui kilisemwa nini ndani yake. Msiniambie. Hizo ni zenu.

Nilipoachia kitufe nilisikia "Baba" na "Yahya," yote mawili mara moja. Nilikuwa nangoja "sema wewe." Nimeingoja na meno yamekutana.

Haikuja. Mliendelea wote wawili. Yeye anasema na wewe unasema, hakuna aliyempisha mwenzake, sauti yake ya mkwaruzo chini na yako juu, na kwa kuwa mlikuwa mbele ya maiki moja zilikuja zote hadi huku. Maneno niliyoshika hayafiki kumi. Nilishika "kiatu." Nilishika "baki," na sikujua nani kasema. Kisha nilisikia Baba akicheka, na nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka.

Nililia, Yahya, mchana kweupe mezani pa serikali ya watu. Bwana Mugo alikuja mpaka mlangoni, akaona taa nyekundu ya redio inawaka bila kuzimika, akajua ni kidole. Nilidhani ataniuliza ni kituo gani. Aliufunga mlango polepole akaenda zake.

Kesho nakuja na Hayat kwa basi la kwanza, na Jumatatu alfajiri tutampeleka Nairobi sote watatu. Hayat anasema atakutambua kwa masikio yako. Mwambie Baba nakuja, aniwekee mbaazi, na asijifanye hana la kuniambia mimi. Nina mengi ya kusikia kabla ya Jumatatu, nami sitamngoja amalize.

Katika daftari nimeandika hivi, na nimetia sahihi:

"Saa 4.03. Ngoliba. Kitufe kimeshikiliwa dakika sita. Sauti mbili kwa pamoja. Zote mbili zimefika."

Dada yako,
Fatu